Ukipiga tizi na baiskeli, muziki weka kushoto, sikio la kulia liache wazi

TARIME. WINGA wa timu ya kata hana basi la wachezaji. Mechi ya ndondo ikiwa kijiji cha pili, anafunga viatu kwenye keria ya Phoenix, anachomeka spika masikioni, anabonyeza wimbo na safari imeanza. Kesho yake asubuhi ni baiskeli tena, anapanda mlima kutafuta pumzi. Jioni ni vyuma vya zege nyuma ya nyumba ya rafiki, anatafuta kifua.

Kata ya Itiryo, kwa asiyeifahamu, iko wilaya ya Tarime mkoani Mara, kwenye nyanda za juu za upande wa mpaka wa Kenya. Huku tambarare ni ya kutafuta. Ukimaliza kupanda unashuka, ukimaliza kushuka unapanda, na baiskeli yenyewe ni ya chuma kizito isiyo na gia. Kijana anayefanya tizi peke yake, hana kocha wa viungo, hana saa ya kupima mapigo ya moyo. Kocha wake ni muziki. Ndiyo maana swali la "nipigie kwenye nini?" si swali la kishamba hata kidogo.

Apigie kwenye simu janja? Kitochi? Kile kidude cha MP3 cha kubana kwenye kola? Au anunue spika ya bluetooth aifunge kwenye usukani, kijiji kizima kijue winga anapita?

Nitoe msimamo wangu mapema ili usinisubiri hadi dakika ya 90. Kwa baiskeli, chukua kitu kidogo chenye vitufe na memori kadi, spika iwe ya waya, na sikio moja tu ndilo lisikilize muziki. Kwa vyuma, mambo yanageuka, na tutafika huko.

Hivi muziki unasaidia kweli?

Kuna wazee watakuambia muziki ni kupoteza muda, mbona Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 bila kuwa na kitu sikioni. Ni kweli, na hata leo asingeruhusiwa. Lakini kwenye mazoezi ushahidi upo, na ulianzia kwenye baiskeli hasa.

Mwaka 1911 Mmarekani Leonard Ayres aliandika kuhusu mashindano ya baiskeli ya siku sita pale Madison Square Garden, New York. Ukumbini kulikuwa na bendi ya kupiga na kupumzika. Ayres akapima mwendo: bendi ikipiga, waendesha baiskeli walikwenda wastani wa kilomita 31.5 kwa saa. Bendi ikinyamaza, 28.8. Watu walewale, baiskeli zilezile.

Karibu miaka mia baadaye, mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool John Moores cha Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio la ujanja kidogo. Waliwapandisha wanafunzi 12 kwenye baiskeli za mazoezi, wakawapigia nyimbo, halafu siku nyingine wakaziongezea nyimbo zilezile kasi kwa asilimia 10, siku nyingine wakazipunguza kwa asilimia 10. Wanafunzi hawakuambiwa. Muziki ulipoharakishwa, umbali waliokwenda uliongezeka kwa asilimia 2.1 na nguvu waliyotoa kwa asilimia 3.5. Ulipopunguzwa, umbali ulishuka kwa asilimia 3.8 na nguvu kwa asilimia 9.8. Hapo pana funzo ambalo wengi hawalioni: wimbo wa taratibu ulirudisha watu nyuma kuliko wimbo wa kasi ulivyowasukuma mbele. Maana yake, kuchagua nyimbo ni jambo kubwa kuliko kuchagua mashine.

Na Haile Gebrselassie, yule Mhabeshi aliyekuwa akikimbia huku anatabasamu, mwaka 1998 aliweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 za ndani ya ukumbi pale Birmingham huku spika za uwanja zikipiga wimbo wa Scatman John. Alikwenda na mapigo ya wimbo.

Ila tusidanganyane. Watafiti wa eneo hili, akiwemo Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, wanaonyesha kwamba muziki unapunguza hisia ya uchovu mtu anapofanya kazi ya chini au ya kati. Ukishafika pale pumzi inapokata, pale mlimani ambapo unasimama kwenye pedali na ulimi uko nje, mwili unapiga kelele kuliko wimbo wowote. Hapo muziki unaweza kukupa mzuka, lakini maumivu yako palepale.

Kutoka Walkman hadi kitochi

Walioanza haya mambo ni Wajapani. Tarehe 1 Julai 1979 kampuni ya Sony ilianza kuuza Walkman, kimashine cha kaseti cha kubeba kiunoni. Wenye umri wanakumbuka: betri zikichoka, mwimbaji anaanza kuimba kama mlevi. Mwaka 1984 ikaja ya kupiga CD. Ile ukiipandisha kwenye baiskeli barabara ya vumbi ilikuwa vichekesho vitupu, kila shimo wimbo unaruka.

Oktoba 2001 Apple wakatoa iPod. Ilibeba GB 5, nyimbo 1,000 kwa hesabu ya wenyewe, uzito gramu 184, bei dola 399. Mwaka 2006 wakatoa iPod shuffle ya kubana kwenye nguo: gramu 15 tu, haina kioo, ina vitufe vya kupapasa kwa kidole gumba. Mimi nasema hakijatengenezwa kifaa cha mazoezi kilichofikiriwa vizuri kama kile. Huhitaji kukitazama. Unabonyeza huku macho yako yapo barabarani.

Apple walikiua Julai 2017, na Mei 2022 wakatangaza mwisho wa iPod ya mwisho. Simu janja ilikuwa imeshameza kila kitu. Ndiyo hivyo, ukimwambia leo muuza simu kwamba unataka kifaa cha muziki peke yake, anakuangalia kama mtu aliyekuja kuulizia tiketi ya mechi ya mwaka jana.

Lakini vidude vya Kichina vya MP3 vya kubana kwenye nguo bado vipo Kariakoo na kwenye maduka ya vifaa vya simu mikoani. Vinatumia memori kadi, vinachajiwa kwa waya, na havina mambo mengi. Ubaya wake ni betri ndogo, na vingine havina redio. Kabla hujatoa hela, kichomeke pale pale dukani, kisikilize nyimbo mbili tatu, rusha mbele, rudisha nyuma, ongeza sauti, punguza. Kitufe kinachogoma mbele ya muuzaji hakitatengemaa ukifika nyumbani.

Na hapa ndipo kitochi kinapomzidi hata yule Mmarekani. Hesabu ni rahisi: wimbo wa MP3 wa ubora wa kawaida unakula kama MB 1 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne ni MB 4 hivi. Memori kadi ya GB 8, ndogo kuliko ukucha wa kidole, inabeba nyimbo kama 2,000, mara mbili ya ile iPod ya dola 399. Kitochi kina vitufe, kina tochi ya kurudia nyumbani mechi ikiisha magharibi, kina redio, betri yake inakaa siku kadhaa, na kikianguka kwenye changarawe unakiokota, unarudisha betri, mnaendelea.

Simu janja je? Ni nzuri, sibishi. Ina programu za muziki, ina kila kitu. Ila jiulize mambo matatu ukiwa Itiryo na si Masaki. Kioo chake hakipendi jasho, kidole kikiloa unabonyeza huku kinafungua kule. Ni nzito mfukoni mwa bukta, inarukaruka kila unapokanyaga pedali. Na ikianguka, umeangusha simu, benki yako ya mkononi, picha zako na namba ya kocha kwa pamoja. Kama huna nyingine, ifunge kwenye begi dogo la kiunoni, pakua nyimbo ukiwa nyumbani ili usile bando njiani, panga orodha kabisa, halafu usiiguse hadi ufike.

Barabarani hakuna refa

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe lililonifanya niandike.

Mwendesha baiskeli hana kioo cha pembeni. Kinachomwambia kuna nini nyuma yake ni masikio tu. Barabara kuu inayokwenda mpakani Sirari ina malori na mabasi. Ukiingia za ndani kuna bodaboda zinazokuja kwa kasi ya ajabu, na ng'ombe wasiojua kulia wala kushoto. Ukiziba masikio yote mawili umejiondolea kioo chako, umejitoa pia honi za wenzako.

Tanzania na Kenya tunaendesha kushoto. Maana yake ukiwa umekaa pembeni ya barabara inavyotakiwa, gari linalokupita linapitia kulia kwako. Basi muziki uwe sikio la kushoto, la kulia libaki wazi. Ni kitu kidogo, lakini angalia vijana wanavyopita: wengi wakitoa spika moja wanatoa yoyote iliyo karibu na mkono. Na wale wa bodaboda wanaopita upande wowote wanaotaka, hao hata sikio la kulia halitoshi, inabidi na shingo ifanye kazi.

Ukisikilizia sikio moja utagundua baadhi ya nyimbo zimepungukiwa, gitaa limebaki upande wa pili. Simu janja nyingi zina sehemu kwenye mipangilio ya kuunganisha sauti za pande mbili ziwe moja. Kitochi mara nyingi hakina. Vumilia, ni tizi, si studio.

Zipo spika za masikioni zinazotangazwa kwamba zinazuia kelele za nje kabisa. Hizo ni za kwenye ndege. Kwenye baiskeli ni kujitafutia kesi na lori. Vilevile zile za mpira zinazoingia ndani na kuziba tundu la sikio. Hata muziki ukiwa chini zenyewe ni kizibo. Bora zile za kizamani za plastiki zinazokaa mlangoni mwa sikio, ambazo wauzaji wanaziona za bei chee. Zinapitisha sauti ya nje, na kwa mwendesha baiskeli hiyo ni sifa.

Wenzetu wenye uwezo wana aina nyingine inayokaa kwenye mfupa mbele ya sikio na kupitisha sauti kwa mtikisiko wa mfupa, masikio yote yakabaki wazi. Shokz ndio wanaojulikana zaidi kwa hizo. Ni teknolojia nzuri, ila kwa bei yake winga wa kata anapata baiskeli iliyotumika na chenji. Kama una ndugu Dar au Ulaya anakuuliza akuletee nini, hiyo ni jibu zuri kuliko jezi.

Zile zisizo na waya kabisa, vidonge viwili kwenye kiboksi, mimi kwa barabara ya vumbi sizipendi. Shimo moja, kidonge kimoja kiko kwenye majani ya ng'ombe. Utakitafuta hadi mechi inaanza. Waya unaudharau lakini unaokoa: pitisha ndani ya jezi, utokee kwenye kola, ukidondoka unaning'inia shingoni. Ukiuacha nje utanasa kwenye usukani.

Na spika ya bluetooth kwenye usukani? Masikio yako wazi, hilo ni bao. Inawaburudisha watoto wa njiani, hilo la pili. Lakini inakula chaji, ukiacha baiskeli uwanjani inabidi mtu wa kuilinda, na si kila mzee anayetoka msibani anataka kusikia singeli saa moja asubuhi. Kuna na suala la mifugo. Mkurya anaweza kukusamehe mengi. Kumtimulia ng'ombe wake si mojawapo. Ukipita kwenye makazi na kwenye zizi, shusha sauti.

Ukinunua chochote cha kutumia nje, soma kwenye boksi herufi IP na tarakimu zake mbili. Ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. Tarakimu 6 ya vumbi maana yake vumbi haliingii kabisa. Tarakimu 4 ya maji maana yake inastahimili michirizi kutoka pande zote, jasho na manyunyu ndani yake. Tarakimu 7 inaweza kuzamishwa mita moja kwa dakika 30. Ukiona X mahali pa tarakimu ya kwanza, usidhani ni alama ya ubora. Ina maana hakuna kipimo cha vumbi kilichotajwa. Huku kwetu kiangazi ni vumbi na masika ni tope, kwa hiyo unataka zote mbili. Boksi lisilo na alama yoyote, mfuko wa nailoni wa kufungia barafu unafanya kazi hiyohiyo, na hauhitaji kuchajiwa.

Mteremko ni hadithi nyingine. Kupanda unakwenda taratibu, hata mtoto anakupita kwa miguu; muziki una nafasi yake. Kushuka, upepo unavuma masikioni hadi wimbo hausikiki, na mtu anachofanya ni kuongeza sauti. Hapo ndipo pabaya. Ukifika kileleni zima. Breki za Phoenix zinahitaji akili yako yote.

Kwenye vyuma mambo yanageuka

Gym ya mtaani tunaijua: bomba la chuma, makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege, benchi la mbao, na subufa moja ya kuchomeka flashi. Hakuna lori. Hapa zile spika zisizo na waya nilizozikandia juu zinapata heshima yake, kwa sababu waya ndio adui. Unanyanyua bomba, waya umenasa kwenye kopo, kichwa kinavutwa pembeni na kilo zote ziko juu ya kifua. Kama una za waya tu, zivue wakati wa benchi.

Lakini hata hapa usizibe yote. Yule anayekusimamia kichwani akisema "achia", au "nimeshika", lazima usikie. Binafsi naona kwenye gym ya watu wanne subufa moja inatosha, ugomvi uwe wa nani achague wimbo. Wa kwaya atapambana na wa amapiano, na hiyo nayo ni mazoezi.

Kuhusu sauti, Shirika la Afya Duniani (WHO) limetoa hesabu. Mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda salama unashuka hadi saa nne tu kwa wiki nzima. Saa nne! Kijana anayefanya tizi saa moja kila siku ameshazimaliza kabla ya Ijumaa. WHO wanashauri sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa kifaa, na wanasema vijana zaidi ya bilioni moja duniani wako hatarini kupoteza usikivu kwa namna wanavyosikiliza. Vinyweleo vidogo ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa haviotiki tena, si kama msuli unaochanika ukapona baada ya wiki tatu. Kipimo cha bure ni hiki: mwenzako asimame umbali wa mkono mmoja aongee kawaida. Kama humsikii, punguza.

Nyimbo zipi? Kwa mazoezi ya kawaida, Karageorghis na wenzake wanazungumzia mapigo 120 hadi 140 kwa dakika. Hesabu mwenyewe: gonga mguu kwa sekunde 15, zidisha mara nne. Kwa baiskeli, mapigo 120 yana maana kila mguu ukikanyaga kwa pigo moja, pedali inazunguka mara 60 kwa dakika, mwendo ambao Phoenix inauweza bila kulalamika. Singeli inakimbia mno, mapigo 200 na kuendelea. Miguu haiifuati ila kwa nusu yake, pigo moja kanyaga, pigo moja acha. Bongo Fleva nyingi za mapenzi ziko taratibu, ziache za kupoza mwili. Mimi nina ugonjwa wa rumba ya Kikongo: inaanza polepole kama mtu anapasha misuli, halafu sebene inafunguka pale hasa mlima unapoanza. Na kama unaye mzee anayepiga litungu, ile ala ya nyuzi ya Wakurya, mrekodi kwa simu, kwa ruhusa yake, uweke kwenye kadi. Mngurumo ule ukiingia sikioni asubuhi na mapema kwenye ukungu, utapanda.

Kadi ya GB 64 inayobeba GB 8

Hapa ndipo vijana wengi wanapoliwa. Memori kadi feki zimejaa. Imeandikwa GB 64, ukiichomeka kwenye simu inasoma GB 64, ukweli ina GB 8 au pungufu. Waliotengeneza wamebadilisha programu ya ndani idanganye. Inapokea nyimbo zote bila kelele, ila ikishajaa uwezo wake halisi inaanza kuandika juu ya za zamani au kuziharibu. Unakuja kugundua mlimani, majina ya nyimbo yapo, sauti hakuna.

Dawa yake ni subira. Kwenye kibanda cha kuwekewa nyimbo, mwambie kijana ajaze kadi hadi karibu na mwisho, si nyimbo 20 za kuonjea. Halafu cheza ya kwanza kabisa, cheza ya katikati, cheza ya mwisho. Zikiimba zote, lipa. Akikataa kukujazia, umeshapata jibu. Na usihangaike na kadi kubwa: vitochi vingi vina kikomo, GB 16 au 32, kimeandikwa kwenye boksi, ukizidisha hakisomi.

Uwanjani vua

Swali linalobaki ni la siku ya mechi. Kwenye basi au kwenye baiskeli hadi getini, sikiliza utakacho. Wachezaji wakubwa tunawaona wakishuka kwenye mabasi na hedifoni kama marubani. Ndani ya uwanja, hapana. Sheria ya 4 ya soka inamkataza mchezaji kuvaa au kutumia kifaa chochote cha elektroniki au cha mawasiliano, isipokuwa vile vya kupima mwendo na utendaji vilivyoruhusiwa. Riadha ni vilevile: kanuni za World Athletics haziruhusu redio, simu wala kifaa cha muziki kwa mshindani. Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo Septemba 2025, akimzidi Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu ya sekunde baada ya kilomita 42, hakuwa na wimbo sikioni. Kwa hiyo katika wiki yako ya mazoezi tenga siku moja au mbili za kimya, mwili uzoee kusikia pumzi yake wenyewe. Mchezaji aliyezoea kukimbia na muziki tu, dakika ya 75 anajikuta peke yake.

Jambo la mwisho ni redio, na kwa msomaji wa kurasa hizi huenda ndilo lingekuwa la kwanza. Ukichagua kifaa, hakikisha kina FM, na hakikisha kina tundu la waya. Kwenye simu nyingi waya wa spika za masikioni ndio antena. Ukiwa na zile zisizo na waya, redio inakoroma au haiwaki kabisa. Huku mpakani utanasa na vituo vya Kenya bila kuomba, kwa hiyo hifadhi mapema namba ya kituo chako, uwe TBC Taifa au mwingine, ili usitafute ukiwa unaendesha. Ikifika saa 10 jioni, Simba au Yanga ikiwa uwanjani na wewe bado uko njiani kurudi kutoka tizi, unabonyeza kitufe kimoja kwa kupapasa. Sikio la kushoto, mtangazaji. La kulia, barabara. Na goli likiingia, tafadhali, shika usukani kwa mikono yote miwili.